Wewe kwa Herufi Ndogo

Alizihesabu mara ya tatu kwa ncha ya penseli, kama mtu anayehesabu madoa kwenye shuka jeupe. Tisa. Neno "wewe" limeandikwa mara tisa kwenye ukurasa mmoja, na mara zote tisa limeanza kwa w ndogo.

Nyimbo kumi za mwanzo hazikumpa shida. Alikuwa amezichapa tangu asubuhi, printa ikihema kando yake, na kila alipokutana na "Wewe" alimkuta amesimama na W yake kubwa kama mzee aliyevaa kofia. Hii ya kumi na moja ndiyo iliyomkalisha kitako. Angesema ni haraka ya mwandishi, ila mwandiko wenyewe ulikuwa umetulia, na juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu, palikuwa na maneno haya: *Herufi zibaki kama zilivyo. Usizikuze.*

Usizikuze! Yeye, aambiwe asikuze herufi!

Maana mapenzi yao yalianzia hapo hapo, kwenye W. Miaka miwili nyuma, akiwa ndio kwanza amemaliza masomo ya jioni na kupata kazi kwenye duka hili la kuchapa, mtoto wa kike bado yuko mgongoni, aliingia mwanamume mrefu amebeba gitaa la besi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alitaka maneno ya wimbo yachapwe ili yaonyeshwe kwenye ukuta wa kanisa. Yeye aliyasoma, akauliza bila kuinua kichwa:

"Huyu 'wewe' ni nani?"

"Nani?"

"Hapa. 'Nakuwaza wewe, sipati usingizi bila wewe.' Kama ni Mungu, mkuze. Kama ni mtu, niambie nijue naandika nini."

Mwanamume alicheka mpaka akaegemea mashine ya fotokopi, nayo ikatema karatasi tupu. "Ni Mungu, dada."

"Basi mpe W yake."

Tangu siku hiyo bendi nzima ikamwita Herufi. Naye mwenye gitaa waliyemwita Besi akawa haishi nyimbo za kuchapwa. Mwezi wa kwanza alileta wimbo ule ule mara tatu.

Bendi yenyewe iliitwa Mikate Mitano, kwa sababu walianza wakiwa vijana watano, miaka saba iliyopita, ndani ya ghala la viti nyuma ya kanisa. Ngoma walizoazima zilikuwa na kiraka. Waumini wazee waliziba masikio. Mmoja alisema gitaa lile linanguruma kama tumbo la mwenye njaa. Kisha wimbo wao mmoja ukatoroka, ukapita kutoka simu hadi simu, mpaka watu wasiojua kanisa lao wakawa wanauimba wakiosha vyombo. Sasa Jumatatu walikuwa wanaondoka kwa ziara ya miezi mitatu, mji baada ya mji, na kitabu cha nyimbo alichokuwa anakichapa Herufi ndicho wangekibeba. Kilitakiwa leo kabla ya jioni.

Jumapili, baada ya ibada, yeye naye alitakiwa kutoa kitu. Jibu. Besi alikuwa amemwomba wafunge ndoa, naye akasema, "Nipe mpaka Jumapili kabla hujaondoka." Neno lilikuwa tayari mdomoni tangu juzi. Lilikuwa "ndiyo," limekaa juu ya ulimi kama pipi.

Mpaka leo.

Alisoma tena, taratibu, kwa jicho la kazi:

*wewe unayeimba ukidhani husikiki,*
*mlango umeufunga, dirisha umelisahau,*
*nami nimevua viatu nisije nikakushtua;*
*wewe, usinyamaze.*

Unayeimba. Yeye haimbi. Hilo Besi alilijua, tena alilijua kutoka kinywani mwake. Tangu baba wa mtoto alipoondoka na begi lake la mgongoni, akiahidi kurudi baada ya wiki mbili, wiki ambazo sasa zilikuwa na umri wa miaka minne, aliacha kuimba kanisani, nyumbani, kila mahali. Hata nyimbo za kuabudu alikuwa anachezesha midomo tu.

Nani basi anaimba?

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa kandambili zenye kifungo cha fedha. Miezi miwili iliyopita bendi ilimpata mpiga kinanda, msichana mwenye vidole virefu na sauti ya kumwaga asali. "Mikate mitano hailiwi mikavu," alisema mpiga ngoma, "inataka samaki." Basi akaitwa Samaki. Na ndani ya ghala la viti, walikofanyia mazoezi, lazima uvue viatu, kwa sababu ya zulia na nyaya.

*Nami nimevua viatu.*

Alhamisi iliyopita alipeleka karatasi za kukagua kule ghalani. Mlangoni palikuwa na jozi mbili tu za viatu: vya Besi, na zile kandambili. Ndani, wawili hao walikuwa wamekaa chini, bega kwa bega, wakigawana waya mmoja wa kusikilizia, ncha moja sikioni kwa Besi, nyingine sikioni kwa Samaki. Samaki anacheka, macho kayafumba. Besi alipomwona Herufi aliuvuta waya kwa nguvu, simu ikaanguka kifudifudi.

"Ni mambo ya mazoezi tu," alisema.

Nani aliuliza?

Siku ile alilimeza jambo hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, alijiambia, si kila ung'ongo ni nyoka. Lakini leo ung'ongo ulikuwa umeandikwa kwa mkono, na ulikuwa na vina.

"Umekunja uso kama leso iliyokaukia kwenye kamba."

Alikuwa mama yake, ameingia na bakuli la chakula cha mchana. Kwa miaka thelathini mama alifua mashuka ya hospitali, na mpaka leo hakuna doa lililompita, la nguo wala la moyo.

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu. Ndilo jina la ugonjwa wako siku hizi? Lete hiyo karatasi unayoifunika kwa kiwiko."

Akaitoa. Mama akavaa miwani, akasoma kwa midomo, mstari kwa mstari, kisha akaikunja miwani.

"Wimbo mzuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifia jeneza.

"Mama!"

"Si nasema mzuri? Tena mzuri mno. Mwanamume haandiki hivi kwa mtu aliyekwishampata. Anaandika hivi kwa mtu anayemnyatia. Na viatu kavua kabisa."

"Labda ni wa Mungu. Labda kasahau tu."

"Wewe mwenyewe unaamini?"

Herufi akaangalia wino mwekundu.

"Nilikwambia mapema, mwanangu, ukanuna siku tatu. Mwanamuziki wa kanisa ni mwanamuziki kwanza. Kanisa ni mahali anapopigia. Leo yuko na wewe, kesho yuko mji wa pili, na viti vya mbele vimejaa wasichana wanaolia machozi ya upako. Miezi mitatu! Mimi shuka la miezi mitatu silipokei, halitakati tena."

"Anampenda mwanangu, mama. Mtoto anamwita..."

"Najua anavyomwita. Ndicho kinachoniuma. Yule wa kwanza alikuacha wewe peke yako, maana mtoto alikuwa hajui kitu. Huyu akiondoka atawaacha wawili." Mama akashusha pumzi, akamsogezea bakuli. "Jumapili anataka jibu. Mpe. Liko neno fupi tu, wala halihitaji herufi kubwa. Kula kwanza."

Hakula. Mama, ambaye hawezi kukaa mahali mikono ikiwa mitupu, akaenda nyuma ya rafu za karatasi na kuanza kuzipanga upya, kama kawaida yake akiwa na hasira. Nje, kokoto za uani zikalia chini ya nyayo. Kokoto zile ndizo zilikuwa kengele ya duka. Hakuna mteja aliyefika bila kutangazwa.

Besi akaingia anatabasamu. Tabasamu lilipofika mezani likakuta karatasi ya kumi na moja imewekwa peke yake, na penseli juu yake kama fimbo.

"Umeifikia," akasema.

"Nimeifikia."

"Na?"

"Na nimeona maelekezo. Nisikuze." Aliongea polepole, kwa adabu zote, na Besi akajua mambo yameharibika. "Nilitaka tu kuuliza swali la kikazi. Huyu 'wewe' ni nani?"

Besi akakuna shingo. Macho yake yakaenda kwenye dirisha la kupokelea wateja, yakarudi. Herufi aliyaona yalivyokwenda na yalivyorudi, na moyo ukamwambia: umeona? Anatafuta uongo wa kuvaa.

"Nilitaka nikwambie Jumapili," akasema.

"Niambie leo. Jumapili nina shughuli."

"Ni wewe."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, hata yeye mwenyewe hakukipenda. "Mimi? Mimi ninayeimba?"

"Ndiyo."

"Kaka yangu, ukitaka kunidanganya, angalau soma ulichoandika. *Unayeimba ukidhani husikiki.* Mimi siimbi. Hujui siimbi? Si nilikueleza mpaka sababu? Sema tu ni Samaki. Sema nikuheshimu. Mnavua viatu pamoja, mnasikiliza pamoja, waya mmoja masikio mawili, halafu unaniletea mimi niuchape! Mimi nimkuzie au nimdogoshee, si ndiyo? Hata aibu ya kumpelekea mchapaji mwingine huna!"

"Herufi..."

"Usiniite Herufi."

"Unaimba," akasema Besi. "Kila asubuhi."

"Niimbe wapi?"

"Hapa. Kabla hujafungua. Unafunga mlango, unapiga deki, halafu dirisha lile unaliacha wazi ili sakafu ikauke. Na unaimba. Mimi nakuja nusu saa mapema, navua viatu pale barazani maana kokoto zinapiga kelele. Nasimama."

"Unanichungulia?"

"Nasikiliza. Kuchungulia ni kwa macho."

"Usinichezee maneno! Mimi siimbi!"

Printa peke yake ndiyo iliyoendelea kuhema. Kisha, kutoka nyuma ya rafu za karatasi, ikasikika sauti ya mtu anayetapika ukweli kwa shida.

"Anaimba."

Besi akaruka. "Shikamoo mama, sikujua..."

"Marahaba. Nyamaza." Mama akatokeza kichwa, uso umekunjamana kama mtu aliyetafuna ndimu. Ungeona alivyotamani asiwe ameliona doa hili. Lakini alikuwa ameliona, na kunyamazia doa hajawahi. "Unaimba, mwanangu. Ukiosha vyombo, ukikunja nguo, ukimsuka mtoto. Kama nyuki kwenye kopo. Mimi nilidhani unajua."

"Naimba nini?"

"Hauna maneno. Ule uliokuwa ukimbembelezea mtoto, ile miezi aliyokuwa halali."

Herufi akahisi masikio yanapata moto. Akamtazama mama, akamtazama Besi. Bado. Moyo ulioungua mara moja haufunguki kwa mashahidi wawili.

"Nithibitishie."

Besi akatoa simu. Akaigusa, akaiweka mezani juu ya ile karatasi. Kwanza ulisikika mlio wa fagio la deki likiburuta, na ndoo. Kisha sauti ya mwanamke, ndogo, inapanda ngazi tatu na kushuka mbili, inapanda tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ilikuwa nzuri. Lo, ilikuwa nzuri kweli, na kwa kitambo kidogo alimwonea wivu mwenye sauti hiyo. Halafu sauti ile ile ikakatika ghafla na kufoka: "We mtoto, acha kula raba! Itoe! Itoe yote!"

Mama akacheka kabla hajajizuia.

"Hapo ndipo Samaki alipocheka Alhamisi," akasema Besi kwa upole. "Kwenye raba. Mimi besi yangu ina nyuzi nne, sauti yako inapita juu ya kichwa changu. Nilihitaji mtu wa kuipata kwenye kinanda. Ulipoingia nikaogopa, nikavuta waya kama mwizi. Najua ilionekanaje."

"Ilionekana kama ilivyoonekana." Alikuwa analia, na alikasirika kwa kulia. "Nani alikuruhusu? Ile ni yangu. Ile niliitengeneza siku ambazo sikuwa na kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Sikumpa mtu. Hata Mungu sikumwimbia, maana nilikuwa nimemnunia. Wewe unakuja na simu dirishani, unaichukua, unampa msichana mwingine asikilize!"

"Hakuna aliyeniruhusu. Nimekosa."

"Mbona hukuniomba?"

"Ningekwambia, ungenyamaza." Akaigusa ile karatasi. "Nimeandika humo, mstari wa mwisho. Ndicho kitu pekee nilichoogopa."

Herufi akachukua simu. "Nikiifuta?"

"Ifute. Iko peke yake hapo, sijaitunza pengine."

Kidole gumba kikasimama juu ya kioo. Kikasimama muda mrefu. Mwishowe akaisukuma simu upande wake wa meza, mbali na mkono wa Besi.

"Itakaa kwangu. Na Samaki nitamuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Muulize."

"Na sijamaliza kukasirika."

"Sijasema umalize." Besi akavuta kiti cha wateja, akakaa ukingoni. "Ila kuna jambo lingine ni lazima ulijue kabla hujachapa. Askofu hautaki wimbo huu."

Askofu hakuwa askofu. Alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mwanzilishi wa Mikate Mitano na mwimbaji wake wa mbele, na alipewa jina hilo kwa sababu ya kupenda kanuni. Kanuni ya kwanza ya bendi aliiandika mwenyewe kwa chaki kwenye ukuta wa ghala: *"Wewe" wetu ni Mmoja.*

"Anasema mimi nikuze tu herufi, wimbo utakuwa umeokoka. Anasema aliyevua viatu ni Musa."

"Musa alisikiliza mtu akipiga deki?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema, W kubwa au wimbo utoke. Nikamwambia, ukitoka, na mimi natoka. Watatafuta besi mwingine kabla ya Jumatatu."

Herufi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Miaka saba. Ngoma zenye kiraka, tumbo la mwenye njaa, ziara aliyoiota mpaka anaitaja usingizini kanisani. Na juu ya ukurasa, wino mwekundu. Kumbe ule wino haukuwa wa kuficha kitu.

"Unataka kwenda Jumatatu?"

"Nataka sana."

"Basi nyamaza, usiniguse, usinipumulie shingoni."

Akageukia kompyuta. Akachapa kichwa cha wimbo. Chini yake akachapa: *Maneno: Besi.* Akasita, kisha akaongeza mstari: *Sauti: Herufi.* Halafu akaanza, na kila alipofika kwenye neno lile, kidole chake cha mwisho, kilichozoea kukimbilia kitufe cha kukuza, kiliinuka chenyewe kwa mazoea. Mara tisa kiliinuka. Mara tisa akakirudisha.

Alipofika mstari wa mwisho kokoto zikalia. Hatua nzito, viatu vyenye ncha za chuma na vumbi la kazi.

"Amani iwe humu," akasema Askofu, akijaza mlango. Akamwona Besi, akamwona mama, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Herufi, kitabu kiko tayari?"

"Ukurasa wa mwisho huu. Kagua."

Askofu akasoma akiwa amesimama, kidole chenye makovu ya moto kikishuka juu ya kioo cha kompyuta. Kidole kikasimama. "Herufi, hapa umesahau. Hizi W."

"Sijasahau."

"Kuna kanuni."

"Kanuni hiyo nimekutunzia miaka miwili, Askofu. Ni nani anayewarudishia karatasi mnapompa Mungu w ndogo? Si mimi? Basi na leo naitunza. Mkiikuza hii, watu watasimama mji mzima, mikono juu, wamwimbie Mwenyezi Mungu maneno ya mtu mwenye ndoo na fagio la deki. Hiyo ndiyo kufuru. Mwenye W abaki na W yake. Mwenye w aachiwe ya kwake."

Askofu alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa imemgeukia mkononi kama koleo la moto. Akasoma tena mstari wa kwanza. Alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka.

"Haya. Ila watu wataniuliza jukwaani, na mimi siwezi kuimba nisichokijua. Huyu 'wewe' ni nani?"

Besi akainuka nusu kutoka kitini. Herufi akamnyooshea kiganja, akae. Swali hilo lilikuwa lake tangu siku ya kwanza, na zamu ya kulijibu ilikuwa yake pia.

"Ni mimi," akasema.

Nyuma ya rafu, rundo la karatasi likatua chini kwa kishindo kidogo.

"Na hilo," mama akanung'unika, "ndilo jibu la Jumapili, au Jumapili kuna jingine?"

Herufi alibonyeza kitufe, printa ikashtuka na kuanza kuvuta karatasi. Naye akainama kuzipokea, moja moja, zikiwa bado na joto. Kisha kwa sauti ndogo, akipanda ngazi tatu na kushuka mbili, akaanza kuimba, safari hii akijua anasikika.